Safu ya Maelezo

Nilimchukia meneja wa mifumo tangu asubuhi aliyofika, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo leo. Kiwanda chetu cha mikate kiko Gitega, mtaa wa hapa Kigali, na mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee pale aliyesomea kompyuta. Nilikulia Karagwe, Tanzania, nikaja Kigali kusoma mifumo ya taarifa za biashara, na nilikuwa nimeshaanza kujiona nimekalia kiti cha umeneja. Kisha mwenye kiwanda akamleta yeye, mtu aliyekulia Kampala, shati limepigwa pasi hadi kwenye vishikizo. Akatundika ubao mweupe ukutani, akachora masanduku matatu: ingizo, uchakataji, tokeo. Akachora mishale katikati yake, akatuuliza kama tumeelewa. Masanduku yale yale ninayo kwenye madaftari yangu ya mwaka wa kwanza chuoni.

"Wewe utakuwa mtu ya kuingiza data," akaniambia mbele ya waokaji.

Nilisema sawa bosi. Moyoni nilisema mengine.

Oda zote wakati huo zilishikwa na mama mmoja aliyekulia Burundi. Watu wote walimwita mama wa oda, na alikuwepo kiwandani tangu tanuri lilipokuwa likila kuni. Kila siku baada ya saa sita alipiga simu duka baada ya duka, kwa sauti ya mtu anayegombana, halafu akaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Safu ya kwanza jina la duka, ya pili siku, ya tatu mikate iliyokwenda, ya nne iliyorudi. Safu ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote nne, na juu yake ameandika: maelezo.

Safu ile ilikuwa na kila kitu. "Msiba jirani, ongeza." "Mafundi wamemaliza ghorofa ya Kinyinya, punguza kantini mpaka jengo jipya lianze." "Rebero wana harusi, wapewe mkate mrefu." Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maneno yale yale: "Umuganda. Nusu tu, na magari yatoke saa tano." Asubuhi ya umuganda mji mzima uko kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa na magari hayaruhusiwi kutembea. Hakuna anayenunua mkate.

Kazi yangu ya kwanza chini ya meneja ilikuwa kuingiza daftari lile lote kwenye programu, miaka mitatu ya mwandiko wa mama, ili mfumo upige hesabu ya wastani na kukadiria oda wenyewe. Nilipofika safu ya maelezo niliuliza nifanyeje.

"Achana na hiyo. Maneno siyo data," alisema. "Mfumo unataka namba."

"Kuna mambo mule ndani."

"Mikate ya Jumamosi zote umeingiza?"

"Nimeingiza."

"Basi. Itajisomea yenyewe."

Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Ukichanganya Jumamosi za umuganda na Jumamosi za kawaida halafu ukagawanya, unapata Jumamosi ambayo haijawahi kuwepo Kigali: ndogo mno kwa wiki tatu, kubwa mno kwa wiki ya nne. Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni. Niliimeza. Nilijiambia acha aanguke mwenyewe, na shati lake.

Kulikuwa na nafasi moja ya kujaza kwenye programu iliyonisumbua, ya mhusika wa oda. Mfumo ulikataa kabisa iachwe tupu. Ukijaribu, inawaka nyekundu na huendi mbele. Kwa haki jina langu ndilo lingekaa pale, maana kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyebonyeza kitufe, mimi ndiye niliyechapa karatasi ya oda na kuipeleka kwa waokaji. Lakini sikutaka jina langu likae chini ya kazi ya mtu yule. Niliandika jina la mama. Nyekundu ikazima.

Mama aliambiwa apumzike na daftari, abaki kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Hakupumzika. Niliendelea kumwona anaandika kila siku, daftari limelala mapajani, na meneja akipita analifunika kwa kitenge. Hata yeye alikuwa akinikera. Nilimwona mshamba asiyejua kwamba zama zake zimekwisha.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule wa kwanza, saa tisa alasiri, alikuja mezani kwangu.

"Weye, kesho iko umuganda."

"Najua, mama."

"Siulizi kama weye unajua. Nauliza ile mashine inajua?"

"Nimesema najua."

Alisimama kidogo, akaangalia skrini ambayo hakuweza kuisoma kutoka pale aliposimama, akaandika kitu kwenye daftari lake na kuondoka. Karatasi ya oda ya kesho ilikuwa mbele yangu. Ilikuwa Jumamosi ile ile ya wastani, haikupunguzwa hata kreti moja kwa ajili ya umuganda, na magari yalipangiwa kutoka saa mbili. Niliisoma mara mbili. Halafu niliichapa nikaipeleka kwa waokaji. Nilikuwa na furaha, hilo nalisema wazi. Nilikuwa nimeshamwona meneja akilini, amesimama katikati ya mlima wa mikate, hajui pa kuipeleka.

Mlima ulikuja kweli. Magari yalizuiwa barabarani hadi saa tano. Yalipofika Kinyinya, kwenye majengo hapakuwa na fundi hata mmoja. Maduka ya Gitega yalifunguliwa watu wakiwa tayari wanapika chakula cha mchana. Alasiri kreti zilirudi zikapangwa uani hadi usawa wa dirisha la ofisi, na Jumapili mikate ilianza kunuka uchachu.

Jumatatu asubuhi mwenye kiwanda alituita ofisini: meneja, mama na mimi. Ripoti ilikuwa mezani. Meneja aliisoma kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma orodha ya mahudhurio, hadi alipofika kwenye mhusika.

"Mama, oda ya Jumamosi iko kwa jina yako."

"Oda inatoka kwa mashine," mama alisema. "Mimi niliambia huyu Ijumaa, kesho iko umuganda. Rakini iko hapa mu daftari, nimeandika." Akalitoa kwenye kitenge na kuliweka mezani.

Meneja hakuligusa. "Daftari tuliacha, mama. Daftari haiko kwa mfumo."

Mwenye kiwanda akanigeukia mimi. "Alikuambia?"

Nilijua swali linalofuata. Nikisema ndiyo, ataniuliza kwa nini basi nilichapa. Na nani aliandika jina la mama pale. Mambo yote yangeishia mezani kwangu, na meneja angebaki na shati lake safi.

"Sikumbuki, muzee," nilisema.

Mama alinitazama. Nilitegemea anitukane, na ingenisaidia kama angenitukana. Alisema tu, "Haya." Aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Sasa anauza nyanya na vitunguu kwenye kibaraza kimoja huko huko Gitega, na mimi nazunguka kwa njia ya juu ili nisipite mbele yake.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba meneja hakuwa mjinga. Baada ya miezi miwili alichunguza namba mwenyewe, akagundua kuwa Jumamosi za mwisho wa mwezi hazifanani na nyingine, akaongeza kwenye mfumo nafasi mpya. Akaiita maelezo. Alipigiwa makofi kwenye kikao. Kisha akanitupia mezani daftari la mama, lililobaki ofisini siku ile bila mtu kulifungua.

"Safu ya mwisho," alisema. "Ingiza yote."

Niliingiza yote. Misiba, harusi za Rebero, mafundi wa Kinyinya, kila umuganda wa miaka mitatu. Ilinichukua wiki nzima, na kila ukurasa nilimsikia mama akigombana na simu. Siku ya mwisho, kabla ya chakula cha mchana, nilifika mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho. Mwandiko ulikuwa umetulia, hauna haraka.

"Ijumaa, saa tisa. Nimemwambia wa kompyuta kesho ni umuganda. Amesema anajua."

Nafasi ya maelezo ya oda ya Jumamosi ile ilikuwa wazi kwenye skrini, mbele ya jina lake ambalo bado liko pale kama mhusika. Niliweka vidole juu ya vitufe. Kisha nikaiacha tupu nikabonyeza hifadhi. Haikuwaka nyekundu. Nafasi hiyo mfumo unakubali iachwe tupu.