Mahari ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Apolonia, aliposwa mara ya pili akiwa na miaka sabini na kitu, na waliomposa ni watoto wake wa kuwazaa. Asitokee mtu wa kuniambia nachanganya mambo. Nilikuwepo, ugali wa siku hiyo nimeusonga mimi, na nikikumbuka mbavu zinaniuma upya.

Ilianza alipoteleza bafuni kwake Segese akavunjika mkono. Mume wangu Ignas, anayeuza vipuri vya bodaboda Geita, akatangaza kwamba mama anahamia kwetu, na siku hiyohiyo akanunua kitanda. Dada yake Klara, anayekaa Kolandoto, akasema thubutu, mgonjwa anakaa jirani na hospitali. Wakavutana kwenye simu wiki nzima. Mama mwenyewe walimpigia kumwambia tu apange nguo zake.

Basi tukafika Segese asubuhi moja, mimi na Ignas kwa kirikuu, kigari cha mizigo, Klara kwa teksi, bila wao kupangana. Mama akatoka nje na mkono wake kwenye plasta, akaitikia shikamoo zote, akayatazama yale magari kwa zamu.

"Mimi ni mtu au ni gunia la mpunga?" akauliza. "Anayenitaka atume mshenga. Jumamosi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Baadaye jikoni akaniambia kinachomtisha si uzee wala mkono. "Esta, mwanangu, nikipanda gari lile, sitaamua tena hata chumvi ya mboga yangu." Nikajua kwamba huu si mchezo, ingawa kusema kweli niliisubiri hiyo Jumamosi kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Jumamosi ikafika. Aliyechaguliwa kuwa baba wa bibi harusi alikuwa Taherali, mwenye duka la vitenge, aliyezaliwa palepale Segese na anayeongea Kisukuma vizuri kuliko mimi niliyekinyonya. Kwa umri, mama angeweza kuwa dada yake mkubwa, lakini ubaba ulimkaa vizuri. Alivaa kofia mpya, akakunja nne, akakataa kutabasamu. Pembeni yake alikaa Luka, msaidizi wa kisheria wa kata. Huyo aliitwa na mama mwenyewe, aliyetaka mambo yake yaandikwe angali na akili zake timamu.

Mshenga wa Ignas, dalali mmoja wa dhahabu aitwaye Masalu, aliingia akiongea. Taherali akampiga faini ya kreti la soda kwa kutobisha hodi. Masalu akakaa kabla ya kukaribishwa, akapigwa faini ya sabuni. Mshenga wa Klara alikuwa katekista, mtu mpole, lakini simu yake ikaita kwa wimbo wa kwaya katikati ya salamu, naye akachangia sukari. Majirani walikuwa wamejaa uani hadi juu ya ukuta, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Masalu akamwaga sifa: nyumba ina vigae, ina luninga kubwa, kitanda kipya bado kina nailoni yake. Taherali akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama choo kina kishikio. Masalu akamtazama Ignas. Ignas akatazama viatu vyake. Taherali akaendelea: na bibi harusi ataogeshwa na nani mkono ukiwa hivi?

"Esta yupo," akasema mume wangu.

"Esta ameshakubali?"

Jamani, nilimpenda yule mzee. Ignas akanitafuta kwa macho dirishani, nami nikamwinulia mwiko ili ajue nimesikia.

Kuanzia hapo bei zikapanda. Klara akaahidi kishikio, mkeka wa mpira bafuni, na msichana wa kazi wa kulipwa. Ignas akaahidi hivyo vyote na gari la kwenda kliniki. Luka akawa anaandika, na kila mara anasimamisha mnada kueleza: kumpa mtu hati ya kukusimamia benki si sawa na kuandika wosia, mashahidi wa wosia wasiwe warithi, nyumba ya Segese haiuzwi mama akiwa hai bila yeye mwenyewe kutaka. Hapo Masalu, ambaye nadhani alishapata mteja wa kiwanja hicho, akakohoa sana. Mwisho Taherali na wazee wa jirani wakanong'ona, na ikaonekana Ignas ameshinda. Vigelegele vikapigwa. Nami nikapiga, sijui kwa nini, kwa maana mzigo ulikuwa unakuja kwangu.

Luka akasoma yote kwa sauti, kisha akamgeukia mama. Akasema sheria inamtaka aulize. "Mama Apolonia, umeridhia kwa hiari yako?"

Mama akamwomba arudie. Luka akarudia.

"Nilipoolewa na baba yenu," akasema, "walijadiliana siku mbili. Nilikuwa nyuma ya ghala nasikia ng'ombe wakiingia zizini. Waliulizwa wajomba, wakaulizwa shangazi. Mimi sikuulizwa." Akapangusa macho kwa mkono mzima. "Niulize tena, baba."

Klara alikuwa analia waziwazi. Luka akataka kufungua mdomo, lakini Ignas akainuka, akavua kofia, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama," akasema, "umekubali?"

Mama akamtazama, na uso wake ukaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Hapana," akasema. "Mahari mliyoahidi leteni hapahapa. Bibi harusi haendi."

Taherali ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Luka akafungua karatasi mpya, na mama akasogeza kiti chake karibu ili amwambie cha kuandika.