Bi Mkubwa Aliyetajirika Asubuhi Moja

Yale makochi yalikuwa yangu. Kwa miaka mitatu nimekana mbele ya majirani, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hata mbele ya dada yangu aliyenisaidia kuyachagua dukani na anayeyajua mpaka doa lake la chai. Leo nakiri hapa kwenye safu, kwa sababu bibi aliyeumia kwa ukaidi wangu amefariki dunia. Alizikwa Jumatatu iliyopita baada ya adhuhuri, na ninyi wasomaji wa mtaa wetu wa Mabawa mliofika msibani mtakumbuka kwamba nililia kuliko ndugu zake. Nilisikia mmoja wenu akisema mwandishi yule ana moyo mwepesi. Laiti ungekuwa moyo tu.

Tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mshonaji wa kofia, kazi aliyoifanya mpaka macho yalipogoma kuuona uzi, na aliishi na mdogo wake wa kiume, asiyeona tangu utotoni, ambaye mtaa mzima tunamwita Ami. Baba yao alikuwa na minazi kule Kigombe, ikauzwa kipande kwa kipande, na kilichobaki mikononi mwa watoto ni adabu za watu wenye minazi. Mgeni huketi pazuri. Mgeni hunywa kahawa kwenye kikombe kisicho na ufa. Mgeni hasikii neno "hatuna". Kuna siku ndugu wale walikunywa chai ya rangi wakalala, na ukibisha hodi asubuhi unaambiwa, "Karibu mwanangu, tumeshiba hatujiwezi." Mimi ni Msambaa, mtoto wa mfanyakazi wa msitu wa Amani, nimelelewa kwa uji na nyimbo za kanisani, na kwetu mtu mwenye njaa husema ana njaa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika nyumba ile "tumeshiba" ilikuwa salamu, haikuwa taarifa.

Ndipo ukaja mpango wa ruzuku kwa kaya zisizojiweza, hasa zenye wazee na watu wenye ulemavu. Ruzuku haigawiwi kwa kila mzee. Lazima kwanza upimwe uonekane huna. Maafisa wangepita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao, waulize maswali na waangalie vilivyomo ndani. Bi Mkubwa alipoarifiwa, alikuja kwangu akiwa amejitanda vizuri.

"Mwanangu, kesho nina wageni wa serikali. Niazime makochi."

"Bi Mkubwa, hao wanakuja kuuangalia umaskini."

"Najua. Sasa watauangalia wakiwa wameketi wapi? Juu ya ndoo?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipotakiwa kufanya kazi. Nilisoma chuo kikuu, na tasnifu yangu ilihusu namna ya kupima umaskini. Nina sura nzima juu ya samani kama kigezo. Ningeweza kumweleza Bi Mkubwa kwa maneno mawili. Badala yake niliita mkokoteni. Nikatoa makochi, nikatoa zulia, nikatoa meza ya kioo, kisha, Mungu anisamehe, nikajiongeza mwenyewe nikapeleka na televisheni, katika nyumba iliyokatwa umeme miaka miwili kabla. Tulipomaliza, chumba kilikuwa kama cha bibi harusi. Nilirudi nyuma hatua mbili nikakitazama kwa fahari.

Maafisa walikuwa kijana na binti, wenye heshima zao. Waliamkia, wakaketi, wakazama kwenye makochi yangu.

"Bibi, mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Alhamdulillahi, tunakula."

"Sawa bibi, lakini mara ngapi?"

"Ala! Mwanangu, chakula huhesabiwa?"

Wakauliza kipato, wakajibiwa kwamba Mungu hamtupi mja wake. Ndipo Ami akaongozwa kutoka uani na kuketishwa. Alizama, akashtuka, akaanza kupapasa mto wa kochi kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Godoro la nani hili?"

"La kwetu," dada yake akamjibu. "Tulia."

"La kwetu tangu lini? Mbona mimi nalala kwenye mkeka?"

Binti akainua uso. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa, na Ami alikuwa amenifungulia mlango wa ukweli wazi kabisa. Nikacheka. "Mzoeeni tu," nikasema, "Ami ni mtu wa utani sana." Binti naye akacheka, akabonyeza kishikwambi chake, na asubuhi ile Bi Mkubwa akawa tajiri.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Nilikasirika mno, kama anavyokasirika mtu mwenye hatia, nikaandika kwenye safu hii hii makala kali kuhusu maafisa wanaopima umaskini huku wamefumba macho. Mlinipongeza sana. Wale vijana walikuwa wamefumbua macho yote mawili. Waliandika walichokiona, na walichokiona nilikipanga mimi kwa mkokoteni. Majirani wakauliza makochi yale yalitoka wapi. Nikasema sijui, labda yalikodiwa. Bi Mkubwa naye alipoitwa ofisi ya mtaa aeleze vyombo vile ni vya nani, ili suala lake litazamwe upya, alijibu neno moja tu: "Aliyenisitiri simtaji." Jina langu lingempa haki yake. Akalifunga kifuani miaka mitatu, na kila Idi akaniletea kaimati kwenye kibakuli kilichofunikwa kitambaa. Nikazila.

Sina ugomvi na kupima. Fungu halitoshi watu wote, kwa hiyo lazima mtu aulizwe. Lakini swali lenyewe linamtaka mtu aoneshe asichonacho, na pwani hii inawalea watu wake kuficha hasa hicho. Binti wa watu huingia na dodoso, mzee naye huingia na malezi ya miaka sabini, kila mmoja anatimiza wajibu wake kwa uaminifu, na mwisho wa siku mwenye njaa anahesabiwa kuwa ameshiba. Katikati yao panahitajika jirani wa kusema kweli. Mtaani kwetu jirani huyo alikuwa mimi, na nilikuwa na shughuli ya kubeba sinia.

Mwaka huu Bi Mkubwa aliugua. Aliniita, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, safari yangu mimi fupi. Huyu je?" Akaelekeza kidevu uani, alikokuwa Ami. Jumamosi iliyofuata palikuwa na mkutano wa mtaa wa kuipitia orodha upya, nami nikasimama.

"Makochi yalikuwa yangu," nikasema. "Na televisheni."

Mama mmoja muuza samaki akauliza kutoka nyuma, "Na zulia je, au lilikuja kwa miguu yake?"

"Na zulia."

Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Dada, si wewe uliyetuandika gazetini?"

"Ndiye mimi."

Walicheka mpaka mkutano ukasimama. Nilirudi kwa Bi Mkubwa jasho likinitiririka, nikamwambia yote. "Wamekucheka?" akauliza. Nikasema sana. "Pole," akasema, na nikaona anatabasamu. "Mimi nilikuwa nakusitiri. Umejivua mwenyewe." Maafisa walirudi Jumanne, wakaketi juu ya ndoo, na Ami akajibu kila swali mwenyewe. Bi Mkubwa alifariki kabla ya jibu. Tangu mazishi nilikuwa na hofu moja: yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya, na huenda ombi nalo limezikwa naye, Ami akabaki bila dada na bila jina popote.

Nimejifunza, kwa kuchelewa na kwa gharama ya mtu mwingine, kwamba kuna kusitiri kunakomlinda mtu na kuna kusitiri kunakomlaza njaa. Ukiwa jirani, kazi yako ni kujua upo katika kupi, na ukijua, useme, hata kama utachekwa. Kuchekwa kunapita. Mimi nimeshachekwa, na bado nala na kulala vizuri, vizuri kuliko miaka hii mitatu.

Jana asubuhi nilikuwa uani kwa Ami, namchambulia mchele, simu ikaita. Alikuwa mtendaji wa mtaa, binti mdogo tu.

"Shikamoo mama. Yule mzee asiyeona yupo karibu?"

Nikaweka sauti ya juu, nikamsogezea.

"Mzee, umepita," akasema. "Umeingia kwenye mpango. Mkuu wa kaya ni wewe mwenyewe."

Katika kila karatasi ya maisha yake Ami aliandikwa tegemezi, kwanza chini ya baba yake, kisha chini ya dada yake, na mara nyingine hata jina lake hawakulimaliza kuandika.

"Mmeandika jina la nani hapo?"

"Lako, mzee."

"Lisome."

Mtendaji akalisoma: lake, la baba yake, la babu yake. Ami aliinamisha kichwa upande wa simu, midomo ikimcheza.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Polepole."

Akarudia.