Miwani ya Baba

Baba alimshauri rais kwa miaka kumi na tisa, na nyumbani hakuwa na kauli hata juu ya rangi ya mapazia. Rais wetu sisi alikuwa Mama. Kazini Baba alianza kama karani wa majalada, mtu wa suti moja wiki nzima, mpaka siku rais alipomwuliza kwa mzaha, "Na wewe unaonaje?" Akajibu bila kupepesa macho, "Hapana, Mheshimiwa." Wakubwa wote mle ndani walikuwa wameshasema ndiyo. Siku ile akapewa kiti karibu na dirisha.

Kiti hicho ndicho kilichokuwa kazi yake. Nilikiona mara moja, nilipompelekea dawa za presha: chumba kirefu, zulia linalomeza nyayo, mapazia meupe yakipumua polepole, saa ya ukutani inayokwenda kama inasinzia. Mawaziri walizungumza, Baba alinyamaza. Rais akishika kalamu, alimtupia jicho. Baba akibaki na miwani usoni, karatasi ilisainiwa. Akiivua, kalamu ilirudi mezani, na mgeni aliondoka asijue kilichomponza. Kazini walimwita Bwana Kimya. Mimi nilimwita Mgeni wa Jioni, na haukuwa utani mtupu.

Kisha Mama akaanza kupotea akiwa palepale sebuleni. Yalitangulia majina ya majirani, zikafuata funguo, halafu ikawa zamu yangu. Asubuhi moja, huku akinichana nywele kana kwamba nina miaka sita, aliniuliza, "Hivi yule mzee anayekuja jioni ni nani? Ana adabu kweli."

Nilimpigia Baba simu nikamfokea. "Ukiendelea hivi utakuta hakujui kabisa. Hapo utamshauri nani?" Siku hiyohiyo aliandika barua ya kustaafu, na rais akaikalia miezi mitano.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Asubuhi ya Jumatano, mbele ya mawaziri wawili, rais aliichomoa ile barua chini ya majalada, akafungua kalamu na, kwa mazoea tu, akamtazama Baba. Jua lilikuwa limetanda kwenye zulia zima. Baba anasema aliiona miaka yake yote ikielea mle ndani pamoja na vumbi, taratibu, haina haraka ya kutua, na machozi yakamlenga. Akavua miwani ayafute.

Kalamu ikarudi mezani.

"Ahsante, mzee wangu," rais akasema, uso umemchangamka. "Nilijua tu utabadili mawazo." Akaitia barua kwenye droo.

Baba hakuwahi kutengua ushauri wake hata mara moja, hata alipokosea, na ndiyo maana aliaminiwa. Anasema alikaa na miwani mkononi, chumba chote kimekuwa ukungu laini, na kubaki humo kungekuwa rahisi sana. Namwamini, na nilichukia kulisikia hilo. Mwishowe akasimama. Wale mawaziri hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake.

"Saini, Mheshimiwa. Nilikuwa nafuta machozi tu. Mke wangu ananisahau."

Rais akafungua droo tena.

Dereva alimfikisha nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo kwa miaka yote hiyo Baba hakuonekana kwetu isipokuwa ameacha kitu. Mama alikuwa mlangoni akipanga viatu. Akainua kichwa, akamtazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Na wewe nawe!" akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kutuamrisha. "Leo umesahau nini tena?"

Baba alivua miwani.

"Wewe," akasema. "Nilikusahau wewe, mke wangu."

"Basi vua na viatu," Mama akamwambia. "Usinichafulie sakafu."