Nafasi ya Kaka Yangu

Juzi nilikwenda Konde kumtazama mdogo wangu. Nikapita mbele ya duka moja, vijana wameinamia simu, wanabishana juu ya mchezaji mchanga wa huko Ulaya aliyenunuliwa kwa mapesa mengi. Atafaa au hatafaa? Mmoja akaapa kwamba msimu haumalizi. Nikashika njia yangu. Maneno yale niliyasikia utotoni, papo hapo Konde, na aliyekuwa akipimwa alilala nyumbani kwetu.

Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi, kabla ya Mapinduzi. Majamvi yametandazwa kila ua, na jioni mimi na bibi tunachambua karafuu mpaka vidole vinawasha. Baba alikuwa mmoja wa wakubwa wa klabu ya mpira ya pale. Akapata habari za kijana wa Kisiwa Panza ambaye, mpira ukiwa mguuni mwake, hakamatiki. Wete walimtaka, Chake walimtaka. Baba akafunga safari, akamwomba kwa mama yake, akaahidi kumlea kama mwanawe. Akarudi naye juu ya gari la abiria: kijana mrefu, mkimya, na kikapu cha pweza mkavu alichomletea bibi.

Tabu ni kwamba nafasi aliyoletewa ilikuwa ya kaka yangu. Kaka ndiye nahodha, ndiye aliyesimama katikati akiwagawia wenzake mipira. Baba alimwambia mbele ya wanachama wote ahamie nyuma, ampishe mgeni. Kaka akasema sawa. Mama, tangu siku ile, akawa anampakulia mgeni bila kumtazama.

Baraza yetu ikajaa kila jioni. Walikuja kumkagua kama wanavyokaguliwa ng'ombe wa mchezo kabla ya kuingizwa uwanjani. Huyu aliona miguu myembamba, yule akasema mtu mpole vile hawezi kuwaamrisha wenzake. Wengine walikwisha kumfanya bingwa naye hajagusa mpira. Mwenyewe anakula palepale, mbele yao, tonge halishuki. Mwisho bibi akachoka, akawaambia, "Mwacheni ntoto wa watu ale. Mpira haumo sahanini."

Siku Wete walipokuja, baba alinichukua uwanjani, kwa kuwa nilikuwa bado sijaanza kuvaa buibui. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo unateleza, na wote wanacheza pekupeku. Mgeni alizoea mchanga. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kila mpira aliopata aling'ang'ania kuwapita watu nao, wakamnyang'anya. Akapoteza mmoja karibu na goli letu, Wete wakafunga. Zomeazomea ikaanza. Nyuma yetu mtu akasema, kusudi tusikie, kwamba baba amemweka kando mwanawe kwa ajili ya mvuvi. Nilimshika baba mkono.

Wakati wa mapumziko wakubwa wa klabu walimzunguka baba, wote wakitaka jambo moja. Akaenda mwenyewe kwa kaka, nami nimemwandama.

"Rudi nafasi yako," akamwambia. "Huyu hakuweza."

Kaka alikuwa amechutama, anakwangua tope miguuni. Mgeni ameketi karibu, anasikia kila neno.

"Nimempa mbele ya watu, baba," kaka akasema. "Siwezi kumpokonya mbele ya watu."

Kisha akamgeukia mgeni. "Usikimbie nao. Ukiupata, utoe. Mie nipo nyuma yako."

Baba angeweza kumlazimisha. Badala yake akanishika mkono tukarudi.

Kipindi cha pili sikuweza kukaa chini. Mgeni aliteleza tena, watu wakacheka. Lakini sasa alikuwa akitoa mipira mapema, na jua likielekea kuchwa akapiga mmoja mrefu, winga wetu akajikuta peke yake na golikipa. Akafunga. Mechi ikaishia hapo, bao moja kwa moja. Watu walirudi makwao wakibishana njia nzima. Nyumbani, kaka na mgeni walikula sinia moja. Mama akachagua kichwa cha samaki changu, akakiweka upande wa mgeni, na akamtazama.

Alicheza kwetu misimu kadhaa. Hakuwa yule bingwa waliyemtangaza, wala yule waliyemzomea. Alikuwa mchezaji mzuri, basi. Kisha mambo ya nchi yakabadilika, watu wakatawanyika, akarudi kwao. Klabu ilikufa, na uwanjani pameota nyumba. Bibi, baba na mama wametangulia mbele ya haki, na katika wote waliojaza baraza yetu hakuna aliyebaki wa kumuuliza nani alipatia.

Mwaka kaka alipofariki, sisi wanawake tulibaki ndani, kama ilivyo desturi. Wanangu ndio walionihadithia. Pale makaburini walipoitwa ndugu wa marehemu wateremke ndani ya kaburi kumpokea, mzee mmoja mrefu, aliyesafiri tangu alfajiri kutoka Kisiwa Panza, alivua viatu, akateremka wa kwanza.