Mwanasiasa wa Japani na trei yangu ya chai

Jamani, leo nimemwambia mama ukweli: hapa Dubai mimi si sekretari. Ninapika chai ofisini.

Miaka miwili nimemdanganya, na yeye ameshajisifu mtaa mzima.

Mchana nilimpelekea chai madam wetu, Mjapani. Nikamkuta anatazama simu huku anafuta machozi. Kwenye simu, mwanamke kasimama nje ya stesheni ya treni na kipaza sauti, anawainamia wapita njia.

"Mwanasiasa wa kwetu," akasema. "Aliwatangazia wote kuwa anapenda wanawake. Akashindwa uchaguzi. Akarudi pale pale, leo kashinda."

(Najua mna maneno. Kumtukana hapa kwenye ukurasa wangu, hapana.)

Nikabaki na trei, naota. Nikajiona mimi pale stesheni, watu wananipita taratibu kama mawingu, nami nataja kazi yangu bila kutetemeka.

Nikarudi jikoni, nikampigia mama, anayenilelea mwanangu Tanga. Nikasema yote.

Nikadhani atakata simu.

"Majirani nitawaambia mwenyewe," akasema. "Ila mwanangu, chai yako ile ya majimaji, mabosi wanainywa kweli?"