Jina Ambalo Bibi Hakulitaja

Katika miaka yangu ya kazi ya ustawi wa jamii, Ngara na Biharamulo, mahakama imenituma mara kadhaa kumsemea mtu mzima ambaye ndugu zake wanadai akili yake imechoka. Naenda kwake, namsikiliza, narudi na taarifa. Bibi mmoja wa kijijini Kirushya bado ananinyima raha.

Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, anayeishi Biharamulo, aliomba apewe usimamizi wa mama yake na shamba lake, akidai mama hajitambui tena. Akikubaliwa, bibi angehamishwa, na migomba aliyoipanda na marehemu mumewe ingebaki mikononi mwa mpangaji. Bibi hakutaka kuhama. Hilo alinieleza hata sijaketi.

Nilimkuta akipepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilikuwa na fomu ya maswali. Leo siku gani? Akajibu. Huu ni msimu gani? Akanicheka, akanionyesha maharage yaliyo kwenye ungo. Mwanao anaitwa nani? Akaendelea kupepeta. Nikarudia kwa Kihangaza, nikidhani Kiswahili kinamtatiza. Akainamisha uso. Niliuliza mara tatu, kisha nikaandika: hakumbuki jina la mwanawe wa pekee. Nikaondoka nikijiona mtu makini, na kesho yake taarifa ikafika mahakamani.

Wiki iliyofuata, sokoni Ngara mjini, nilikutana na jirani yake anayeuza maharage. Kwa kuropoka kusikomfaa mtu wa kazi yangu, nikamsikitikia kwamba bibi amefika mahali pa kusahau hata jina la mtoto wake. Yule mama akaacha kupima, akanikazia macho.

"Dada, wewe si mzaliwa wa huku? Yule kijana kapewa jina la babu yake. Ulitaka bibi wa watu amtaje baba mkwe wake?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama yangu mzazi, mpaka tunamzika, hakuwahi kutamka jina la baba wa mumewe; kwetu ni mwiko. Kaka yangu aliyelirithi jina hilo, mama alimwita Mzee tangu akiwa ananyonya. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na fomu moja tu mkononi ilitosha kunisahaulisha.

Siku ya shauri nilisimama nikakiri kosa langu. Hakimu, mtu aliyetoka mbali na Kagera, alinisikiliza kwa upole, lakini alitaka uhakika. Akamgeukia bibi.

"Mama, mtaje mwanao mara moja tu, tumalize."

Nilimwomba Mungu bibi alitaje jina. Nyumba yake, shamba lake, kaburi la mumewe, vyote vilikuwa vinasubiri neno hilo. Bibi alitazama sakafu, akatikisa kichwa.

Nikaomba ruhusa ya kumuuliza mwanawe. Hakimu akanikubalia.

"Mama yako anakuitaje?"

Akamtazama mama yake. Huyu alikuwa anajua siku zote. Aliisoma taarifa yangu akaiacha hivyohivyo, na kwa hilo nilimchukia waziwazi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ananiita Baba. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina." Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

Ombi lake lilikataliwa. Nilitangulia nje, nikasimama mlangoni kumsubiri bibi nimwombe radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, kwa Kihangaza, kama alivyokuwa akisema mama yangu. Nadhani pia nilitegemea anishukuru.

Alinipita. Alimwendea mwanawe aliyejibanza ukutani akiona haya, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Baba, twende nyumbani ukale."

Wakateremka kilima pamoja kuelekea stendi, bibi amemshika mwanawe mkono.