Torleiv na Chaji ya Kuvukia Mlima

Mume wangu Torleiv alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na tangu aliponunua lile gari la umeme la Kijerumani, maoni yake yote yalihamia humo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa vigae, akipiga magoti kwenye mabafu ya watu wa mji wetu wa Bergen mpaka magoti yenyewe yakagoma. Siku alipouza karakana alisema sasa ni zamu yake kukalia kitu laini. Mimi nilitaka jiko jipya. Tukaishia na gari lenye viti vya ngozi vinavyokanda mgongo, na mlango unaofunguka wenyewe ukikaribia, kana kwamba umefika hotelini.

Alijiunga na chama cha wenye magari ya umeme. Walikuwa wakikutana mkahawani na kubishana juu ya betri kama wazee wengine wanavyobishana juu ya mpira. Torleiv alikuwa na imani yake, na hakuna aliyeweza kuitikisa. Betri haijazwi mpaka juu, unaijaza robo tatu na ushee, basi. Anayejaza mpaka juu ni mwoga na anaiua betri yake mwenyewe. Na gari lake, aliwaambia wote, linatoka Bergen mpaka Geilo, milima yote katikati, bila kuchomekwa popote njiani. Ni kweli alikuwa ameshaifanya safari hiyo. Aliifanya mwezi wa saba, jua likiwaka, mimi nikiwa nimebaki nyumbani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemcheka usoni, dada yangu Asta wa Geilo. Asta aliendesha gari la dizeli mpaka macho yalipomkataa, na utani wake na Torleiv haukuwa na mipaka. Alimwita shemeji wa waya. "Shemeji wa waya, umekuja na kamba yako?" Torleiv naye alimwambia kwamba yeye na gari lake wote wawili wanatoa moshi. Walipendana sana, wale. Nyumbani kwetu simu ya Asta ikilia, Torleiv ndiye aliyekuwa anakimbia kuipokea.

Basi Jumatano ya kuelekea Pasaka asubuhi, simu ililia na haikuwa Asta. Ilikuwa binti yake, Liv, akipiga kutoka nyumba ya kutunzia wazee pale Geilo.

"Mama mdogo, njooni leo," alisema. "Daktari anasema leo au kesho. Mama anakuulizia."

Nilivaa buti zangu nikiwa nalia. Nilipotoka nje, nilimkuta Torleiv amepanda ngazi, anafunga lile sanduku refu la ski, mbao zetu za kutelezea thelujini, juu ya paa la gari.

"Unafanya nini?"

"Pasaka hii, Borghild. Tunapanda mlimani."

"Tunakwenda kumuaga mgonjwa!"

"Na tutakaa huko siku kadhaa. Utapanda mlimani Pasaka bila ski? Watu watatuonaje?"

Msicheke. Kwetu hakuna aliyewahi kulishangaa jambo hilo. Tunakwenda mazishini na ski, tunakwenda harusini na ski, na machungwa na chokoleti kwenye mkoba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapakia machungwa. Sikubishana tena, ila nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba sanduku lile linashika upepo na upepo unakula betri.

Betri ilikuwa robo tatu na ushee, kwa mujibu wa imani.

Mvua ilitusindikiza mpaka chini ya mlima, na pale kwenye kituo cha kuchajia magari, nchi nzima ilikuwa imepanga foleni. Ndiyo Pasaka yetu hiyo, kila mtu anataka kufika kwenye kibanda chake cha mlimani siku moja na saa moja. Magari yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani. Watoto walikuwa wanakula soseji, wazee wanazunguka chaja na kuulizana asilimia. Torleiv alisimamisha gari, akashuka kunyoosha magoti, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke mwenye kigari kidogo chekundu kilichokuwa kimechomekwa.

"Umefika wapi?" Torleiv akamwuliza.

"Tisini na moja," yule mwanamke akajibu. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Gjertrud, mwalimu mkuu mstaafu.

"Tisini na moja na bado umeng'ang'ania? Mama, waachie na wenzako! Hicho kibetri utakikaanga."

"Acha kikaangike. Kule juu kuna dhoruba. Nataka kufika."

"Ni woga tu huo. Mimi langu sijawahi kulichomeka hapa."

Gjertrud akamtazama, akalitazama lile gari letu linalong'aa, na sanduku juu yake. "Hongera," alisema. "Na leo una asilimia ngapi?"

Torleiv akacheka tu. Alirudi garini akafunga mkanda.

"Tuchaji kidogo," nikasema.

"Tukipanga foleni hii, tutakosa msafara wa mwisho wa kuvuka mlima. Unataka kumwona Asta au hutaki?"

Alinishika pabaya. Nilitaka kumwona Asta kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Nikafunga mkanda wangu, tukapanda.

Wanaoijua njia ile wanajua inavyopanda, handaki linajiviringisha ndani ya jiwe na wewe unazidi kupanda tu. Namba za betri kwenye kioo cha dashibodi zilianza kuporomoka. Kila nikitazama, zimepungua. Mvua ikawa theluji, theluji ikawa ukuta mweupe. Torleiv alikuwa na desturi ya kunieleza gari linavyofanya kazi, na safari hiyo hakueleza lolote. Mahali fulani alinyoosha kidole, akaibadilisha ile picha ya kioo, asilimia zikaondoka na mahali pake pakaja ramani.

Nilikuwa nimeshaziona. Zilikuwa zimeanguka chini ya thelathini.

Kwenye kizuizi cha barabara pale Maurset tulikuta magari yamesimama mstari mmoja yakisubiri msafara. Dhoruba ikiwa kali, huwezi kuvuka ile tambarare ya juu ya mlima peke yako. Unasubiri gari la kuzoa theluji, linatangulia, nanyi mnalifuata nyuma nyuma kama bata, na hakuna kusimama, wala kugeuza, wala kushuka. Mmoja akikwama, wote walio nyuma yake wamekwama naye, taa za mbele zinapotea, na theluji haichukui muda kuwafunika. Watu wetu wameshakufa kule juu. Hatuna haja ya kukumbushana.

Tulisubiri. Upepo ulilitikisa gari. Hita ilikuwa inavuma na mimi nilijua inavuma kwa kula nini.

"Zima hita," nikasema.

"Utaganda."

"Torleiv, zima."

Akazima. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nyuma yetu lilikuja gari la familia, mama kijana akiwa amekaa nyuma na mtoto mchanga. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma akimfunika mtoto kwa blanketi. Afadhali nisingegeuza macho kule.

Kisha akaja Jostein, mwanamume wa msafara, koti lake la njano limeganda, akipita dirisha kwa dirisha. Huyo ndiye anayeamua nani anavuka. Torleiv akashusha kioo na baridi ikaingia yote.

"Habari zenu. Mna nguo nzito?"

"Tunazo," Torleiv akajibu.

"Koleo?"

"Lipo."

"Chaji? Huu ni msafara wa mwisho leo, na pengine na kesho. Kule juu tunatambaa. Anayeishiwa huko sina pa kumweka."

"Inatosha."

"Inatosha ngapi?"

"Arobaini," akasema mume wangu.

Alisema bila kupepesa macho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa tambarare nzima ya Hardanger. Jostein akaitikia kwa kichwa na kuanza kuondoka.

Sitasema kwamba niliamua upesi. Nilikuwa na dada mmoja tu. Upande wa pili wa theluji ile alikuwa amelala akiniulizia, na kizuizi kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Nikinyamaza, huenda tungefika. Huenda! Torleiv ana bahati, amekuwa na bahati maisha yake yote. Nilimtazama mikono, ile mikono ya vigae, imeushika usukani kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Naye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa na bado angeingia, kwa sababu alishawaambia watu kwamba gari lake halisimami, na kwa sababu alitaka kunifikisha. Kipi kilikuwa kikubwa zaidi, mpaka leo sijui. Nikatazama tena kioo cha nyuma, yule mama alikuwa anamwimbia mtoto.

"Si kweli!" nikapiga kelele. "Wewe bwana, rudi! Si arobaini!"

Jostein akarudi. Niliinama mbele ya mume wangu, nikagusa kioo, zile namba zikarudi. Kumi na tisa.

Torleiv alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mzee," Jostein akasema polepole, "una mtoto mchanga nyuma yako. Unajua?"

"Nilidhani..."

"Toka kwenye mstari. Pale kwenye banda kuna soketi ya kawaida. Utalala hapo."

"Dada yangu anakufa Geilo," nikasema. "Tafadhali."

"Pole sana, mama. Gari hili halivuki."

Taa ya njano ya gari la kuzoa theluji ilianza kuzunguka. Nilifungua mlango nikashuka. Upepo nusura uniangushe. Nilikwenda nikigonga madirisha, gari moja lina mbwa watatu, lingine lina vijana na ski mpaka kwenye dari, lingine wazee walionitikisia kichwa bila kushusha kioo. Mstari ulianza kusogea. Magari yalinipita moja moja, nami nikawa napungiana na taa tu. Nililia kwa sauti, na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa ya Torleiv.

Gari la mwisho lilikuwa dogo jekundu. Lilikuwa limefika wakati huo huo na kujiunga nyuma. Mlango ukafunguka likiwa bado linatembea.

"Ingia!" Gjertrud akapiga kelele. "Siruhusiwi kusimama!"

Nilijitupa ndani miguu ikining'inia nje. Torleiv alikuwa anakuja mbio kwa magoti yake mabovu, mkoba wangu mkononi. Aliurusha, ukaniangukia mapajani, machungwa yakamwagika hadi chini ya viti.

"Nenda!" akasema. "Nenda, Borghild!"

Nikavuta miguu ndani, nikaubamiza mlango. Kizuizi kikafungwa nyuma yetu.

Siwezi kuieleza safari ile zaidi ya kusema kwamba tulifuata taa mbili nyekundu, na mara nyingine hatukuziona. Gjertrud aliendesha pua yake ikigusa kioo. Kulikuwa na mahali msafara ulipunguza mwendo, ukapunguza tena, mpaka nikadhani tumesimama, na kigari kile kikaanza kuteleza pembeni kwenda kwenye ukuta wa theluji. Gjertrud alikishika. Hakuzungumza juu ya asilimia hata mara moja. Niliwaza kwamba hapa ndipo sisi tungezimika, mbele ya yule mtoto.

"Mume wako ni mtu mbaya?" Gjertrud aliniuliza tulipoanza kushuka.

"Hapana," nikasema. "Ni mpumbavu."

"Afadhali hivyo," akasema, na akanipeleka mpaka mlangoni pale Geilo, ingawa haikuwa njia yake.

Asta alikuwa macho. Alikuwa amebaki mifupa na nywele, lakini macho yalikuwa yake yale yale. Nilimkumbatia na koti langu lenye theluji, Liv akasema nitamgandisha mama yake, Asta akasema kwani atafanya nini, atakufa? Tulicheka, tukashikana mikono, nami nikamshukuru Mungu na Gjertrud.

"Shemeji wa waya yuko wapi?" akauliza baadaye, sauti ikiwa nyembamba.

Nilitaka kudanganya. Lakini uongo wa siku ile ulikuwa umeshatosha. "Amebaki Maurset. Betri haikutosha kuvuka. Alisema inatosha, nikamwumbua mbele ya watu."

Asta alifumba macho, midomo ikamtetemeka, nikadhani anaumia. Alikuwa anacheka.

Simu yangu ikalia. Torleiv hakuuliza habari yangu, wala hakujitetea. Aliuliza, "Umemkuta?"

"Nimemkuta."

Nilisikia upepo ukipiga bati la lile banda. "Ningewaua wale watu," akasema. "Borghild, ningewaua. Na kumwona simwoni tena, sivyo? Barabara wanasema imefungwa mpaka Ijumaa."

Hasira niliyokuwa nimeibeba mlima mzima ilinitoka miguuni. Nikaiweka simu kwenye sikio la Asta. Yule mtu mwenye maoni juu ya kila kitu hakusema kitu. Alikuwa analia, nilimsikia kutoka pale nilipokaa.

"Usilie, shemeji," Asta akamwambia. "Utamaliza chaji."

Alifariki asubuhi yake, na njia ilikuwa bado imefungwa.